Mshale wa Kubahatisha

Nyumbani kwa Mama Mshale hakuna chombo kisicho na mshale. Kopo la unga lina mshale, ndoo ya maji ya kunywa ina mshale, na sanduku la nguo za watoto waliokwisha kuoa na kuolewa zamani lina mishale minne, mmoja kila upande, yote ikielekea kwenye kifuniko, utadhani kuna mtu analala na kuamka akiwaza kulipindua. Mumewe, fundi cherehani mwenye mdomo mwepesi, huwaambia wageni kwamba kila asubuhi huutazama mgongo wake kwenye kioo kuhakikisha hajachorwa. Wageni hucheka. Mama Mshale naye hucheka, maana utani huo umezeeka ndani ya nyumba ile na hana budi kuuheshimu kama mkwe.

Wanaodhani ni wazimu wa usafi wamekosea. Ni kazi. Kwa miaka ishirini na sita mama huyu amepata riziki yake kwa kusema upi ni upande wa juu na upi ni wa chini. Unaweza kuiona ni kazi ya kitoto. Ngoja nikueleze, kisha urudie maneno yako.

Taasisi aliyoajiriwa ina meli moja ya utafiti, chakavu lakini ngangari. Haibebi mizigo wala haivui samaki. Huingia baharini wiki tatu au nne, ikisimama mahali ambapo jicho la kawaida halioni ila maji, na watu wake hushusha vyombo. Kimoja hupima joto na chumvi ya maji kuanzia juu hadi chini kabisa. Kingine hupeleka sauti kwenye sakafu ya bahari na kusikiliza mwangwi wake, ili vilima na mabonde ya huko yachorwe ramani. Cha tatu, ambacho ndicho alichokabidhiwa Mama Mshale, ni bomba refu la chuma lenye madini mazito ya risasi kichwani. Huachiwa lidondoke, likajichoma kwenye tope la sakafu, kisha winchi ikalivuta polepole kwa zaidi ya saa nzima. Ndani ya bomba la chuma mna bomba la plastiki, na ndani ya plastiki mna tope lililokaa vilevile lilivyokaa huko chini. Plastiki ile hutolewa na kukatwa kwa msumeno, vipande vya mita moja moja.

Tope hilo ni kumbukumbu. La juu liliketi juzi, la chini liliketi kabla babu wa babu zetu hajazaliwa, na msomaji wake huanzia chini kupanda juu. Sasa chukua kipande cha mita moja, kijivu upande huu na kijivu upande ule, ukipindue bila kujua. Umeshamfanya mjukuu amzae babu. Ndiyo maana kabla msumeno haujagusa plastiki, mtu huchora mshale kwa kalamu isiyofutika, ukielekea juu. Mshale kwanza, msumeno baadaye. Kisha kizibo chekundu juu, kizibo cheusi chini, namba ya bomba, namba ya kipande, na fomu ya kujaza.

Hakuzaliwa kwenye kazi hiyo. Alianza kama karani wa stoo, akigawa glavu na kudai zirudishwe. Siku moja fundi sanifu wa tope alivunjika mkono wiki moja kabla ya safari, na kwa kuwa karani ndiye pekee aliyejua kila kifaa kinaitwaje, wakampandisha yeye melini. Siku nne alitapika mpaka akatapika vitu ambavyo hakumbuki siku aliyovila. Siku ya tano alijitokeza kwenye sitaha akauliza kazi iko wapi. Serahangi, yule mkubwa wa mabaharia, alimshauri aende jikoni akasaidie kumenya viazi. Akamjibu kwamba viazi havina juu wala chini, na yeye amekuja kwa ajili ya vitu vyenye juu na chini. Serahangi akampisha njia.

Tangu hapo hakushuka. Kila mgeni aliyepita mikononi mwake alifundishwa mshale, na akafundishwa msemo mmoja ambao hakuna aliyetoka bila kuukariri: usichokijua, andika hukijui. Fomu ile ina safu ya mwisho kulia, iliyoandikwa "Maoni". Wengi huiacha tupu. Yeye aliwaambia kwamba hiyo ndiyo safu ya watu wazima, kwa sababu ndipo mtu anapokiri.

Sasa nije kwenye siku yenyewe. Ni miaka tisa imepita, na ilikuwa safari yake ya kwanza kama mkuu wa sampuli zote za sitahani. Cheo kipya, na cheo kipya hubana kama kiatu kipya. Asubuhi hiyo fundi sanifu mmoja, mtu mzima mpole mwenye mke na watoto wawili, alikata kipande kabla ya kukichora. Mama alifika pale na kumwuliza upande wa juu ni upi. Yule bwana alinyoosha kidole kwa wasiwasi, akasema anafikiri ni huu.

"Unafikiri, au unajua?"

Akakipindua kipande, akakipindua tena. Mama angeweza kumvuta pembeni wakazungumza kikubwa. Hakufanya hivyo. Alimpa fomu mbele ya watu wote, mabaharia, wapishi waliotoka kuvuta hewa, watafiti wa vyeo vyao, akamwambia aandike kwenye Maoni, na asome kwa sauti anachoandika. Bwana yule akasoma: mwelekeo wa kipande haujulikani. Mmoja akacheka, wa pili akadakia, na kufikia saa sita mezani watu walishaanza kumwambia, "Haijulikani, nisogezee chumvi." Mama alicheka pamoja nao. Hilo la kucheka nataka ulikumbuke, kwa sababu yeye hakulisahau.

Mchana bahari ilichafuka. Bomba namba kumi na saba lilikuwa limepanda, tope zuri la kunata, mita tano kamili, na watafiti walikuwa na haraka kabla mawimbi hayajazidi. Mama alikata kipande cha kwanza, akakata cha pili, kila kimoja na mshale wake. Alipofika cha tatu, serahangi alipiga kelele kwamba waya wa winchi unayumba, aje mtu ashike kamba. Msumeno ulikuwa tayari mkononi. Akajiambia akate kwanza, atachora akirudi, mita moja tu hiyo, nani atamsahaulisha. Akakata, akakiweka kipande kwenye rafu, akakimbilia kamba.

Meli ikainama. Kipande kikatoka rafuni, kikabingirika sitahani, kikagonga ukingo, kikazunguka kama kinatafuta mtu, kisha kikarudi na kutulia karibu na buti zake. Akakiokota. Upande huu kijivu. Upande ule kijivu, msumeno umepakaza tope kote. Alinusa pande zote mbili. Alitafuta alama za meno ya msumeno, na msumeno ulikuwa umeng'ata pande zote sawasawa. Alitazama kushoto na kulia. Hakuna aliyekuwa akimtazama, au ndivyo alivyoona.

Dawa ya jambo lile ilikuwa maneno mawili kwenye Maoni. Maneno hayohayo yaliyokuwa yamegeuka jina la mtu saa nne zilizopita. Alijiona akiyaandika, akamwona mpishi akicheka, akamsikia serahangi akiulizia viazi. Alitamani ardhi ipasuke immeze, ila melini ardhi iko mita elfu mbili chini, na yeye ndiye aliyekuwa ametoka kuikwangua. Akachora mshale. Aliuchora mnene, ulionyooka, mzuri kuliko yote ya siku ile. Kizibo chekundu huku, kizibo cheusi kule. Safu ya Maoni akaiacha tupu.

Nyani haoni kundule, wanasema. Huyu aliliona vizuri sana, akaliziba kwa kizibo chekundu.

Siku ya mwisho ya safari mkuu wa msafara aliwakusanya watu wote kwenye chumba cha kulia, akasema mshale wa mama huyu haukosei. Wakapiga makofi, na jina likazaliwa. Siku hiyohiyo yule bwana mwingine, mwenye jina lake jipya naye, alileta karatasi ya kuomba ahamishiwe nchi kavu. Mama Mshale aliitia saini bila kumwuliza sababu, tena kwa wepesi, kama mtu anayefunga mlango usiendelee kupigapiga. Bwana yule alipelekwa kwenye stoo ya baridi, mahali yanapolazwa matope yote, na jina la Haijulikani likamfuata huko.

Kwa miaka tisa Mama Mshale aliishi na hesabu moja kichwani. Kipande kina pande mbili tu. Basi nusu ya bahati iko upande wake. Huenda alipatia. Kila alipojisikia vibaya alijipoza kwa nusu hiyo, na ilimtosha, kwa sharti kwamba asifungue droo ya bomba namba kumi na saba. Hakuifungua hata mara moja.

Aliyeifungua ni mtafiti mmoja aliyeitwa Miwani, kwa sababu ambayo haihitaji maelezo. Miwani alipanda meli mara ya kwanza akiwa hajui hata kufunga kamba ya koti la kuokolea, na Mama Mshale ndiye aliyemshika mkono, akamfundisha mshale, akamkaririsha msemo. Sasa alikuwa na cheti ukutani na watu wawili chini yake, lakini akimwona mama huyo koridoni bado alisimama kumwamkia. Kwa miaka mitatu alikuwa akilisoma bomba namba kumi na saba. Jumatatu moja, karibu na saa sita, alimletea Mama nakala ya kazi yake iliyofungwa vizuri, akamwambia kwa aibu ya furaha atazame ukurasa wa arobaini na moja. Alhamisi ataisoma mbele ya jopo. Jopo likiridhika, meli itarudishwa mahali palepale mwaka ujao, mwezi mzima.

Mama Mshale aliingia nayo kwenye jiko dogo la taasisi, kile kichumba chenye birika na sinki, akafunua akiwa amesimama. Hakufika ukurasa wa arobaini na moja. Alikwama kwenye picha ya ukurasa wa thelathini.

Kuna jambo ambalo kila mtu wa tope analijua. Tia udongo wa bustani kwenye glasi ya maji, koroga, acha. Mchanga mzito hutangulia chini, tope laini hufuata juu yake. Mteremko wa bahari ukiporomoka, sakafu hujipanga hivyohivyo. Mchanga hutangulia, tope hufuata. Wao hulisema kama methali. Na kwenye picha ya kipande cha tatu, tope lilikuwa chini na mchanga juu, ukizidi ukubwa kadiri jicho linavyopanda. Miwani alikuwa ameandika kurasa ishirini kueleza ajabu hiyo. Alisema ni dalili ya mkondo wa kilindini uliokuwa ukiongezeka nguvu kidogo kidogo, mkondo ambao hakuna aliyeugundua kabla. Maelezo yalikuwa mazuri. Yalikuwa na hesabu, michoro na subira ya miaka mitatu. Mama Mshale alitazama tena picha na ile nusu yake ya bahati ikamtoka mwilini kama jasho.

Ndipo akafunua ukurasa wa arobaini na moja. Miwani, ambaye si mjinga, alikuwa amejiuliza swali ambalo hata wewe umeshajiuliza. Na akajijibu: "Uwezekano kwamba kipande hiki kiligeuzwa wakati wa kukatwa umeondolewa, kwa kuwa kiliwekwa alama na mkuu wa sampuli, ambaye katika miaka yote ya kazi yake hajawahi kukosea mshale."

Aliisoma sentensi ile akiwa ameshika sinki. Mtu wa mapokezi aliingia kuchota maji akamwuliza kama anaumwa. Akasema ni kichwa tu. Uso umeumbwa na haya, na siku ile uso wa Mama Mshale ulizipata zote kwa mkupuo; aliona hata birika linamtazama.

Jumanne alikwenda kwenye mlango wa Miwani mara tatu. Mara ya kwanza Miwani alikuwa kwenye simu. Mara ya pili hakuwa kwenye simu, Mama akamwuliza kama ana karatasi za kutosha za kuchapia. Mara ya tatu hakufika, aligeukia ngazi. Jioni alirudi nyumbani akakaa kwenye chumba cha mbele ambako mumewe hushonea, akaangalia sindano ikipanda na kushuka. Chakula kikapoa mezani. Mwishowe akaanza kusimulia habari ya mtu mmoja kazini kwao, aliyewahi kuchora mshale asioujua.

Mumewe alisimamisha cherehani. "Huyo mtu wa kazini kwenu, anavaa viatu kama vyako?"

Akainamisha kichwa. Fundi hakumcheka, na kwa mtu kama yeye hiyo ni zawadi. Alimsimulia kwamba zamani, kabla hawajaoana, alishona suti ya mahameli kwa mzee mmoja mtu wa heshima zake. Mahameli ina malaika, vinyweleo laini, ukiipapasa huku inalala, ukiipapasa kule inasimama, kwa hiyo vipande vyote lazima vikatwe vikielekea upande mmoja. Yeye alikata mkono wa kushoto kichwa chini miguu juu. Juani mkono ule ulikuwa na rangi yake peke yake. Mzee hakuona. Aliivaa kila sherehe, akamsifu fundi kila mtaa, akamletea wateja.

"Kugombezwa kunauma siku moja," alisema mumewe. "Kusifiwa kwa kosa kunauma kila ukipita njiani."

Akamwuliza alifanyaje. Fundi akasema alibadili njia. Miaka miwili alizunguka nyuma ya shule ili asipite kwa yule mzee, mpaka mzee akahama. Hakumwambia kamwe, na leo hii akiona mahameli dukani hugeuza uso. "Mimi si mfano," akamalizia, akarudi kwenye cherehani yake. "Wewe usizunguke shule."

Jumatano asubuhi Mama Mshale aliingia kwa Miwani bila kubisha, jambo ambalo halikuwa desturi yake. Ni ofisi ndogo, dirisha linatazama maegesho, feni moja, skrini mbili. Miwani alikuwa akijisomea kwa sauti maneno ya kesho. Akamkaribisha, akamvutia kiti, akamwuliza kama ameuona ule ukurasa. Mama hakukaa. Njiani alikuwa ameandaa maneno mengi, yakianzia na hali ya hewa, yakapitia kwa serahangi, waya na kamba. Yote yalimkimbia.

"Kipande cha tatu," alisema. "Mshale wake nilibahatisha."

Miwani alitabasamu, kama mtu anavyotabasamu mkubwa akitania. Kisha akauona uso ulioko mbele yake na tabasamu likakosa pa kukaa. Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akairudisha.

"Ulijua lini?"

Hilo ndilo swali aliloliogopa tangu Jumatatu. Palikuwa na mlango wa uongo hapo, mpana, ungemtosha. Angesema nimejua juzi, na neno hilo lingekuwa na ukweli ndani yake.

"Kwamba kimepinduka, nimejua juzi nilipoona picha yako. Kwamba nilibahatisha, nilijua palepale."

"Miaka tisa."

"Miaka tisa, mwanangu."

Afadhali angepiga kelele. Miwani aligeukia skrini, akafungua ukurasa wa arobaini na moja, akaifuta ile sentensi. Akabaki ameshika meza. Kazi ya miaka mitatu ilikuwa imekaa pale ikisubiri kesho yake, na kesho yake haikuwapo tena. Kisha akauliza kuhusu mishale mingine. Mama Mshale alijibu haraka kwamba mingine yote anaijua, yote, ni huo mmoja tu. Akaisikia sauti yake mwenyewe ikitoka, akafikiri kwamba mtu angekuja kwake na maneno kama hayo, baada ya habari kama hii, asingemwamini.

"Wewe ndiye uliyenifundisha, Mama," Miwani alisema taratibu. "Usichokijua, andika hukijui. Basi mimi sasa sijui."

Droo za stoo ya baridi zina vipande zaidi ya elfu moja na mia mbili vyenye mshale wa mkono ule.

Waliteremka pamoja. Stoo iko chini kabisa ya jengo, mlango mnene wenye mpini wa chuma, makoti mazito yametundikwa misumarini, na ndani ni digrii nne mwaka mzima. Haijulikani alikuwa kwenye meza yake karibu na mlango, kofia ya sufu kichwani, daftari la kutoa na kuingiza mbele yake. Hivi sasa nywele za kando ya masikio zilikuwa zimeingia mvi. Miwani aliomba nusu za akiba za bomba namba kumi na saba, kipande cha pili, cha tatu na cha nne. Kila bomba hupasuliwa katikati kwa urefu. Nusu moja hutumika mpaka kingo zake zikamomonyoka, nusu nyingine hulazwa isiguswe.

Haijulikani hakufungua daftari. Katika stoo yenye rafu arobaini, alitembea moja kwa moja hadi ya kumi na tisa, akainama droo ya pili kutoka chini, akarudi na vipande vitatu mikononi. Akavilaza mezani, akavua nailoni, akavipanga kwa kufuata mishale. Chini ya kipande cha pili palikuwa na mstari mweusi mwembamba uliokatwa na msumeno. Juu ya kipande cha tatu haukuwapo. Wakavitazama wote watatu, mashine ya baridi ikivuma. Halafu, bila kuambiwa na mtu, Haijulikani akashika kipande cha tatu kwa viganja viwili na kukigeuza. Mstari mweusi ukakutana na mwenzake. Upande wa pili, mkanda wa vipande vya kombe ukakutana na mwenzake. Ilikuwa kama nguo iliyochanika ikirudishwa na fundi, uzi kwa uzi.

Miwani alimwuliza amejuaje.

Akasema siku ile alikuwa ameshika kamba hiyohiyo, upande wa pili wa winchi. Alikiona kipande kikibingirika. Alimwona Mama akikiokota, akikinusa, akichora. Alipohamia stoo alikitafuta, akakigeuza mara moja akiwa peke yake, akaona, akakirudisha kilivyokuwa.

"Sasa mbona hukusema?"

Alikuwa akiikunja nailoni vizuri, kona kwa kona. "Ningesema, nani angeamini neno la Haijulikani?"

Hakulitamka kwa hasira. Alilitamka kama mtu anayesoma lebo. Na hapo aibu ya Mama Mshale, aliyodhani imeshafika mwisho ofisini kwa Miwani, ikakuta bado kuna ghorofa ya chini. Siku zote hizo alidhani amelikosea tope. Kumbe alikuwa amemnyang'anya mtu huyu uzito wa neno lake, akamwachia kicheko, na yeye mwenyewe akaondoka na makofi. Lile jina lilikuwa lake. Kwa haki kabisa, tangu mchana ule, Haijulikani ni yeye.

Alitaka kumwomba radhi, na radhi ya kweli huanza na jina la mtu. Akafungua mdomo. Jina halikuwapo. Alilisikia siku walipopanda meli, na alilisoma kwenye ile karatasi aliyoitia saini, lakini kwa miaka tisa hakulihitaji, na lilikuwa limezikwa. Angeweza kusema "ndugu yangu", na ingepita. Ni neno zuri, tena watu hulitumia kila siku kufunikia pengo kama hilo. Angelichora nene na kulinyoosha, kama ule mshale.

"Nisamehe," alisema. "Jina lako silijui."

Miwani akatazama sakafu. Yule bwana aliacha kukunja nailoni. Kisha akalitaja, jina lake na la baba yake. Mama alimwomba alirudie polepole, herufi zisimpotee. Akavuta faili la fomu za zamani kutoka kwenye rafu ya mlangoni, akatafuta fomu ya bomba namba kumi na saba, na kwenye safu ya Maoni iliyokaa tupu miaka tisa akaandika tarehe ya siku hiyo, kwamba mwelekeo wa kipande cha tatu haukujulikana wakati mshale unachorwa, na kwamba leo kimeonekana kimepinduka. Chini yake akaandika aliyegundua ni nani, majina yote mawili. Mwandiko haukuwa mzuri.

Mwenye majina aliisoma, akaisoma tena, akatia saini yake pembeni. Halafu akafungua daftari ukurasa mpya, akatoa koti lake zito kwenye msumari akampa Mama, maana alikuja na kitambaa chepesi tu, akauliza mishale iliyobaki waanze kuikagua na rafu ipi.